Mchina Aliyezaliwa Johannesburg ni Mtu wa Wapi?



Katika kipindi cha historia mwaka huu mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Ustadh, hawa Wachina wenye maduka, watoto wao wakizaliwa huku watakuwa Wachina au Waafrika?" Darasa zima likacheka, nami nikalipita swali. Sikufanya vizuri. Nalijibu hapa kwa mfano wa Afrika Kusini, kwani huko jambo hili ni la zamani.

Ni vyema ieleweke kwamba Wachina wa huko si kundi moja. Wako ambao wazee wao walifika tangu karne ya 19, wengi kutoka jimbo la Guangdong, wakafungua vijiduka. (Si wale vibarua zaidi ya 60,000 walioletwa kuchimba dhahabu kuanzia mwaka 1904, hao karibu wote walirudishwa kwao kufikia 1910.) Wakati wa ubaguzi wa rangi hawakuhesabiwa kuwa weupe, na sheria ya mwaka 1950 ikawabana hata mahali pa kuishi. Baada ya 1994 zikaja sheria za kuwainua walioonewa, nao wakajikuta nje. Wakaenda mahakamani. Juni 2008 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamua kwamba katika sheria hizo wahesabiwe miongoni mwa watu weusi. Basi fikiri: mtu na babu yake wamezaliwa hapo, na bado anahitaji jaji amwambie yuko upande gani!

Ama kundi la pili ni la waliokuja hasa tangu miaka ya 1990, wengi kutoka Fujian. Maduka na mikahawa yao imejaa barabara ya Derrick, mtaa wa Cyrildene, Johannesburg. Hukumu ile haiwahusu, kwani ni ya waliokuwa raia kabla ya mabadiliko ya 1994 na vizazi vyao.

Sasa chukua vijana wawili, mmoja wa kila kundi. Njiani wote huitwa "Mchina". Lakini wa kwanza amekulia Kiingereza, na akienda kula Cyrildene huenda asielewane na muuzaji. Vijana kama yeye Wachina wenyewe huwaita "ndizi": njano nje, nyeupe ndani. Si jina la sifa. Wa pili ana mtihani mwingine. Sheria ya uraia ya China ya mwaka 1980 haitambui uraia wa nchi mbili. Akiomba na kupata uraia wa Afrika Kusini, wa China umekwisha. Hata jina hubadilika: Mchina raia aliye ng'ambo ni huaqiao, aliyechukua uraia wa kwingine ni huaren.

Kazi ya nyumbani: mtafute mzee wa Kishihiri mtaani kwenu, umuulize kwa adabu ni lini watu waliacha kumwita mgeni. Kama waliacha.