Upanga wa Tristan, Upinde wa Liongo: Jinsi ya Kusoma Picha katika Hadithi za Kale

Wengi wetu tunaotoka Lubondja, Fizi na Baraka tulikutana na Tristan na Iseut katika fotokopi. Maneno yalisomeka, lakini picha, pale zilipokuwapo, zilitoka madoa meusi. Tukazoea kudhani kwamba picha ni pambo tu, na kwamba aliyezikosa hakukosa kitu. Makala hii inapinga dhana hiyo. Picha katika toleo la hadithi ya kale ni ufafanuzi wa matini, na kama ufafanuzi mwingine wowote, inapaswa kuhojiwa.

Tuchukue tukio moja. Tristan na Iseut wamekimbilia msituni. Mfalme Marko anawakuta wamelala, upanga uliochomolewa alani uko kati yao, naye anaamini kwamba hawana hatia. Katika masimulizi ya Béroul, ya karne ya 12, upanga uko pale bila hila: Tristan amerudi kutoka mawindoni, amechoka, akalala. Katika masimulizi ya Gottfried wa Strasbourg, ya mwanzoni mwa karne ya 13, wapenzi wamekwisha kusikia kelele za wawindaji, wakauweka makusudi.

Mchoraji afanyeje? Watu wawili na upanga katikati ni picha ileile kwa masimulizi yote mawili. Haisemi kama ni bahati au hila. Anayeitazama anasimama pale aliposimama Marko: anaona, na inambidi ahukumu. Lakini mchoraji akimpa Iseut jicho moja lililofumbuka kidogo, amekwisha kuhukumu kwa niaba yetu. Kwa hiyo tunapofungua hati ya Gottfried yenye picha iliyohifadhiwa München, au toleo la Joseph Bédier la mwaka 1900 lenye michoro ya Robert Engels, tusiulize tu kama picha ni nzuri. Tuulize inamfuata msimulizi yupi.

Pwani ya Waswahili ina tukio linalokaribiana na hilo. Hadithi ya Liongo ilichapishwa na Edward Steere mjini London mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mnakili wa hati na mchonga mbao, akaitungia utenzi. Liongo anachomwa sindano kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anatoka, anapiga goti karibu na kisima, anavuta upinde, na kufa vivyo hivyo. Wanaokuja kuteka maji wanamwona, wanadhani yu hai, wanakimbia. Mama yake anaitwa aje kumbembeleza. Mji mzima unakaa na kiu kwa kumwogopa maiti, mpaka mwili unapoanguka.

Mchoraji akimfumba Liongo macho, ameufichua mwisho kabla ya wakati wake. Akimwacha macho wazi, anatuweka pamoja na wenye kiu, nasi tunaogopa kama wao. Kwa maoni yangu njia ya pili ndiyo inayoheshimu masimulizi, kwa sababu hadithi yenyewe inahusu watu walioona umbo lililotulia wakakosea kulisoma.

Kutokana na mifano hii, mwanafunzi anayekutana na toleo lenye picha ajiulize maswali matatu. Mchoraji amechagua dakika ipi, na ameacha ipi? Anatazama kwa macho ya nani? Ni maneno gani ya matini yanayoipinga picha? Hati nyingi za Zama za Kati sasa zinatazamwa bure katika Gallica, maktaba ya kidijitali ya Ufaransa, kwa hiyo zoezi hili halihitaji kitabu cha bei kubwa.

Zoezi hili linatuhusu sisi wenyewe. Siku tutakapochapa hadithi za wazee wetu wa Kibembe kwa ajili ya shule za Fizi, mtoto ataiona picha kabla hajajua kusoma sentensi. Mchoraji ndiye atakayekuwa mfafanuzi wake wa kwanza. Kabla hajashika kalamu, tukae naye tuisome matini pamoja.