Eabegi Zikifumuka: Haki za Mwenye Gari Bima Inapotangaza Hasara Kamili

Hasara kamili katika bima ya gari ni uamuzi wa kampuni ya bima kwamba gari lililopata ajali halifai kutengenezwa kwa gharama iliyokadiriwa, na kwamba mwenye gari atalipwa thamani yake badala ya kurudishiwa gari zima. Nchini Tanzania uamuzi huo huwashtua wengi kwa sababu mara nyingi unafuata ajali ambayo kwa macho ilikuwa ya kawaida: bampa limepasuka, bonet imekunjika, taa moja imevunjika, na injini bado inawaka. Kinachopindua hesabu katika ajali za aina hiyo ni eabegi.

Eabegi hutumika mara moja tu. Gari linapogonga, vihisio vya mbele hutuma taarifa kwenye kompyuta ya eabegi, kemikali huwashwa, na gesi huujaza mfuko kwa sehemu ndogo ya sekunde kabla kichwa cha dereva hakijafika kwenye usukani. Mfuko ukishanywea hauwezi kukunjwa na kurudishwa. Tena hauharibiki peke yake. Eabegi ya abiria hutokea ndani ya dashibodi, kwa hiyo dashibodi hupasuka, na si ajabu kioo cha mbele kupata ufa kwa msukumo wake. Mikanda ya viti vya mbele hujikaza kwa baruti ndogo katika sekunde hiyo hiyo, nayo haifai kutumika tena. Kompyuta huhifadhi kumbukumbu ya ajali, na spring ya umeme iliyo ndani ya usukani mara nyingi huungua. Kwa gari dogo la Kijapani lililoagizwa likiwa limeshatumika miaka kumi na zaidi, bei ya vitu hivyo vikiwa vipya inaweza kuzidi gharama ya bodi yote iliyogongwa.

Hata hivyo, kufumuka kwa eabegi peke yake si hasara kamili. Uamuzi huo hutokana na masharti ya mkataba wa bima pamoja na hesabu, na hesabu inaweza kukaguliwa. Mwenye bima kubwa, ile inayofidia hata gari lake mwenyewe, ana mkataba ambao kwa kawaida unaipa kampuni hiari ya kuchagua: itengeneze gari, ilete jingine, au ilipe fedha taslimu. Mwenye gari hawezi kuilazimisha kampuni itengeneze kwa sababu tu analipenda gari lake. Anachoweza kudai ni kwamba takwimu zilizotumika ziwe za kweli, na kwamba mkataba ufuatwe kama ulivyoandikwa. Nguvu yake yote iko hapo, na ni nguvu kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Takwimu zenyewe ni chache. Kuna thamani ya gari sokoni muda mfupi kabla ya ajali, gharama ya matengenezo, thamani ya mabaki, na asilimia ambayo gharama ikiivuka kampuni huhesabu gari limekwisha. Asilimia hiyo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na pengine haimo hata kwenye karatasi alizopewa mteja siku ya kukata bima. Mwenye gari aiombe kwa maandishi, pamoja na nakala ya ripoti ya mkadiria hasara. Kujibiwa kwa simu kwamba “gari limeshakufa” hakutoshi, kwa kuwa simu haiwezi kupelekwa mbele ya msuluhishi wa migogoro ya bima.

Umuhimu wa takwimu hizo unaonekana katika mfano huu. Gari limekatiwa bima kubwa kwa shilingi milioni 18. Baada ya ajali, mkadiria hasara anaandika kwamba thamani yake sokoni ilikuwa milioni 15, na kwamba matengenezo, eabegi zikiwemo, ni milioni 9.6. Kampuni hutangaza hasara kamili gharama ikivuka asilimia 60. Ukigawanya milioni 9.6 kwa milioni 15 unapata asilimia 64, gari limekwisha. Lakini kama mkataba unapima kwa kiasi cha bima, yaani milioni 18, gharama ni kama asilimia 53, na gari lilipaswa kwenda gereji. Na kama mwenye gari anao ushahidi kwamba gari lake lilikuwa na thamani ya milioni 17, gharama inashuka hadi kati ya asilimia 56 na 57. Ajali ni ile ile na uharibifu ni ule ule; kilichobadilika ni namba ya kugawanyia tu. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza ni hili: asilimia imepigwa juu ya thamani ipi?

Swali la thamani ndilo linalobeba fedha nyingi zaidi. Wateja wengi huamini kwamba gari lililokatiwa bima kwa milioni 18 litalipwa milioni 18. Sivyo. Bima ya kawaida ya gari hufuata kanuni ya fidia: humrudisha mtu alipokuwa kabla ya ajali, bila kumtajirisha. Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba ni ukomo wa juu, na ndani ya ukomo huo hulipwa thamani halisi ya soko. Isipokuwa pale mkataba unaposema waziwazi kwamba thamani ilikubaliwa tangu mwanzo, kampuni ina haki ya kusema gari lilikuwa limeshuka. Haina haki ya kulishusha kwa kukisia.

Ushahidi wa thamani hukusanywa mapema, kabla ya kujibu barua ya kampuni. Kama gari lilikaguliwa na kuthaminiwa siku ya kukata bima, ripoti hiyo ndiyo ya kwanza, hasa bima ikiwa haijatimiza mwaka. Yafuate matangazo ya kuuza magari ya aina hiyo hiyo, mwaka ule ule, yenye kilomita zinazokaribiana, yakiwa yamehifadhiwa na tarehe zake. Stakabadhi za matairi mapya au gia boksi iliyobadilishwa nazo zina uzito. Njia nyingine, ambayo wengi huisahau, ni gharama ya kuagiza gari kama hilo leo: bei ya Japani na usafiri, ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini na umri wa gari. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina mfumo wa mtandaoni unaokadiria kodi za magari yaliyotumika, na mtu yeyote anaweza kuingiza aina ya gari na mwaka wake akapata makadirio. Gari ambalo kuliingiza nchini leo kunagharimu milioni 19 ni vigumu kudaiwa kwamba lilikuwa na thamani ya milioni 11 wiki iliyopita, labda kama lilikuwa limechakaa kweli.

Upande wa gharama ya matengenezo nao una ya kuangaliwa. Ripoti isomwe kifaa kwa kifaa. Je, eabegi za pembeni zimeandikwa kubadilishwa ilhali hazikufumuka? Je, bei ni ya spea mpya kutoka kwa wakala, au ya spea mpya zinazopatikana kwa wauzaji wengine? Mwenye gari anaweza kupeleka makadirio ya gereji nyingine inayoaminika, au kumlipa mkadiria hasara wake mwenyewe, aliyesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Gharama hiyo ina maana pale tofauti inapokuwa ya mamilioni. Kwa laki chache haistahili.

Lipo jambo ambalo mwenye gari hapaswi kulifanya hata kama linashusha gharama, nalo ni kukubali eabegi zirudishwe kiujanja ujanja. Wapo mafundi wanaoziba dashibodi kwa gundi na kuifunika, kisha wakaunganisha kizuizi cha umeme ili taa ya eabegi izime kana kwamba mfumo ni mzima. Eabegi za bandia nazo zipo sokoni duniani kote. Gari la namna hiyo hupita mitaani likionekana zima, na siku ya ajali ya pili mtu aliyekaa kiti cha mbele hana kinga. Hakuna punguzo la bei linalolingana na hilo. Kama gari haliwezi kurudishiwa mfumo halali kwa bei inayovumilika, uamuzi wa hasara kamili ni sahihi, na kazi inayobaki ni kuhakikisha malipo ni ya haki.

Malipo yenyewe hukatwa ekses, yaani sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema mteja ataibeba, na salio lolote la ada ya bima ambalo halijalipwa. Katika mfano wa juu, thamani ikibaki milioni 15 na ekses ikiwa laki 5, mwenye gari hupokea milioni 14.5 na kampuni huchukua mabaki. Akitaka kubaki na mabaki, thamani yake hukatwa: yakikadiriwa milioni 4, hupokea milioni 10.5. Hapa pia pana la kuhoji. Kampuni ikisema mabaki yana thamani ya milioni 6, iulizwe kama ina mnunuzi wa bei hiyo. Kama yupo, mwenye gari ayaache na kuchukua malipo kamili. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo na benki imeandikwa kwenye mkataba wa bima, benki hulipwa deni lake kwanza, na mwenye gari hupata kinachobaki. Pengine hakibaki kitu, na deni lililozidi malipo linaendelea kuwa lake.

Anayebaki na mabaki ajue kwamba gari halirudi barabarani mpaka litengenezwe na kukaguliwa. Anayeyaacha ahakikishe umiliki unabadilishwa kwenye kumbukumbu za TRA. Kukabidhi ufunguo na kadi bila kubadilisha jina kunaacha faini na madai ya baadaye yakimfuata mtu ambaye hajaliona gari hilo kwa miezi.

Nyaraka za polisi hazikwepeki. Dai la ajali huambatana na ripoti ya ukaguzi wa gari, PF 90, na ripoti ya ajali, PF 115, pamoja na fomu ya madai, leseni ya dereva na kadi ya gari. Picha za eabegi zilizofumuka, dashibodi na namba ya kilomita zipigwe kabla gari halijavutwa. Taarifa itolewe kwa kampuni mara moja, na gari lisifunguliwe na fundi kabla mkadiria hajalikagua, kwani kampuni inaweza kukataa dai kwa kosa hilo tu. Nyaraka zikishakamilika, utaratibu unaosimamiwa na TIRA huipa kampuni siku 45 za kulipa. Kila karatasi inayopelekwa ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala, kwa sababu siku hizo huanza kuhesabiwa kwa ushahidi wa tarehe.

Kwa mwenye bima ndogo hali ni tofauti. Kampuni yake haimlipi gari lake. Akigongwa na mwenzake mwenye kosa, hudai kwa huyo aliyemgonga na kwa bima yake, kadiri bima hiyo inavyofidia mali ya mtu wa tatu. Aliyegongwa hafungwi na kiasi cha bima cha mtu mwingine wala na hiari ya kampuni ya kuchagua; anadai hasara yake halisi, ikiwemo gharama ya kukosa gari pale anapoweza kuithibitisha. Ukomo wa mali ya mtu wa tatu kwenye bima ya mkosaji ukiwa mdogo kuliko hasara, kilichozidi hudaiwa kwa mkosaji mwenyewe.

Mvutano na kampuni usipoisha, malalamiko ya maandishi hupelekwa kwanza kwa uongozi wake, na jibu lake, au ukimya wake, huwa ushahidi. Hatua inayofuata ni TIRA kwa kampuni inayovunja taratibu, au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Msuluhishi hapokei ada kutoka kwa mlalamikaji, na mtu anaweza kwenda bila wakili, ingawa mamlaka yake yana ukomo wa thamani ya dai. Mahakama bado iko wazi kwa asiyeridhika: madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, lakini mikataba mingi ya bima huweka masharti ya muda mfupi zaidi, kwa hiyo kusubiri hakufai.

Hati ya kukubali malipo ndiyo mlango wa mwisho. Huandikwa kwamba fedha hizo ni malipo kamili na ya mwisho, na anayeisaini hujifungia mwenyewe njia ya kudai zaidi. Asiyekubaliana na thamani asiisaini. Aandike barua ya kupinga, aambatishe ushahidi wake, na aombe kwa maandishi alipwe kiasi kisichobishaniwa wakati kilichobaki kinaamuliwa.