Jeni Rejea: Je, Kipimo Chako Hakibadiliki?

Ukipimiwa dagaa Ilagala kwa kopo lililobonyea, huwezi kulinganisha na ulichopata jana. Jeni rejea ndiyo kopo la mtafiti anayepima utendaji wa jeni nyingine. Chukua Astatotilapia burtoni, samaki wa Ziwa Tanganyika: dume mnyonge akipata eneo lake hubadilika rangi, na jeni nyingi mwilini hubadili utendaji. Tuseme jeni unayoichunguza imebaki 100, lakini rejea yako, aktini, imepanda kutoka 50 hadi 100. Uwiano umeshuka kutoka 2 hadi 1. Utadhani jeni yako imepungua, kumbe iko palepale!

Ukiulizwa kwa nini uliichagua aktini, usijibu "ipo katika kila seli". Kuwapo si kutobadilika. Jaribu jeni kadhaa katika tishu hiyohiyo, chagua angalau tatu zilizotulia, kisha tumia wastani wake.