Utabiri, Makadirio na Dalili: Lugha ya Mvua kati ya Imani na Sayansi katika Kaunti ya Isiolo

Utangulizi

Mjadala kuhusu dini na sayansi aghalabu huanzia kwenye asili ya binadamu au umri wa dunia. Katika Kaunti ya Isiolo mjadala huo huanzia kwenye mvua. Wakazi wa kaunti hiyo, ambao kwa mujibu wa sensa ya 2019 walikuwa 268,002, wengi wao ni Waislamu, na sehemu kubwa yao hutegemea mifugo. Mfugaji wa Garbatulla au Merti huhitaji kujua mapema iwapo mvua ya Machi hadi Mei, ambayo Waborana huiita ganna, itatosha. Akijua, atauza madume wawili watatu mwezi wa Januari wangali na nyama. Asipojua, huenda akauza ngozi mwezi wa Aprili. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa haba, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili.

Taarifa za kumsaidia mfugaji huyo zipo. Idara ya Hali ya Hewa huzitoa kila msimu, nazo redio huzieneza. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kuzisikia na kuziamini, na tofauti hiyo haielezwi na kiwango cha elimu pekee. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya mgogoro unaodhaniwa kuwa wa imani na sayansi ni mgogoro wa msamiati, na kwamba Kiswahili chenyewe kina nyenzo za kuupunguza.

Neno 'utabiri' na mzigo wake

Kitenzi 'tabiri' kina asili ya Kiarabu, katika neno lenye maana ya kufasiri ndoto. Katika Kiswahili kimepanuka maana, kikawa cha kueleza jambo la baadaye kabla halijatokea. Biblia ya Kiswahili hukitumia kwa kazi ya manabii. Magazeti ya Afrika Mashariki yalikitumia kwa Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, mnajimu aliyefariki 2011, ambaye alizoea kutangaza yatakayowapata wanasiasa. Kitenzi hichohicho ndicho alichopewa mtaalamu anayepima joto la bahari na mwendo wa pepo. Nabii, mnajimu na mpima hewa wameketishwa kwenye kiti kimoja, kisha mwenye kusikiliza huulizwa kwa nini anamshuku huyo wa tatu!

Kwa Mwislamu suala hili si dogo. Sura ya Luqman, aya ya 34, inataja kuteremka kwa mvua pamoja na mambo ambayo ujuzi wake uko kwa Mwenyezi Mungu, na mapokeo ya Mtume yanayahesabu mambo hayo kuwa funguo za ghaibu. Anayedai kuijua ghaibu anajitwalia kisicho chake. Kwa hiyo mzee wa Isiolo anapokataa 'utabiri', huenda hajakataa kipimo chochote. Amekataa dai ambalo mpimaji mwenyewe hakulitoa, ila neno lililotumiwa limelitoa kwa niaba yake.

Hakika taarifa ya msimu haidai kujua ghaibu. Hugawanya yanayowezekana katika mafungu matatu, yaani mvua juu ya wastani, karibu na wastani na chini ya wastani, kisha hulipa kila fungu asilimia yake. Fungu la chini ya wastani likipewa asilimia 50, maana yake ni kwamba nusu ya uwezekano imebaki kwingine. Kauli ya namna hiyo ni ya mtu anayekiri mpaka wa elimu yake. Inapofika redioni ikawa "kunatabiriwa ukame", unyenyekevu wote huo umekwisha kupotea.

Kiambishi cha kutendesha na 'na' ya mtenda

Sarufi ya Kiswahili inatoa mwanga hapa. Kitenzi 'nyesha' ni kauli ya kutendesha ya 'nya', kitenzi cha kale cha kudondoka kwa mvua, ambacho leo kimebaki zaidi na maana isiyotamkwa mbele za watu. Kimuundo, basi, 'nyesha' kinadai msababishaji: kuna anayeifanya mvua inye. Katika sentensi "mvua inanyesha" nafasi ya msababishaji imechukuliwa na mvua yenyewe, na msemaji hukumbuki tena kwamba pana swali. Muumini hulijibu anaposema "Mola ametunyeshea mvua". Mwanasayansi hulijibu kwa kutaja mvuke, upepo na bahari. Je, wote wawili wanajaza nafasi moja?

Wanazuoni wa Kiislamu walilikabili swali hilo karne nyingi kabla ya kuwako kwa vituo vya hali ya hewa. Waarabu wa kale walizoea kuihusisha mvua na nyota maalumu, na Mtume akakemea kauli ya kwamba mvua imeletwa na nyota fulani. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea zaidi miongoni mwa Waislamu wa Afrika Mashariki, alitofautisha. Mwenye kusema mvua ni tendo la nyota amekosea katika imani yake, ama mwenye kukusudia kwamba mvua imepatikana wakati wa nyota ile hana kosa. Kwa Kiswahili tofauti hiyo inabebwa na vipashio vidogo: "tumenyeshewa *na* nyota" dhidi ya "tumenyeshewa *wakati wa* nyota". Ya kwanza ni 'na' ya mtenda, ya pili ni ya majira tu.

Leo pahali pa nyota pamechukuliwa na El Niño. "Mafuriko yaliyoletwa na El Niño" ni sentensi ya kawaida katika magazeti yetu, na 'na' yake ni ileile. Mhariri anayeandika "mafuriko yaliyotokea wakati wa El Niño" hajaipunguza sayansi hata chembe, kwa maana kupata joto kwa bahari ya Pasifiki huongeza tu uwezekano wa mvua kubwa katika Afrika Mashariki.

Mwaka 2023 kama mtihani

Mwaka 2023 uliwajaribu watu wa pande zote mbili. Tarehe 14 Februari kulifanyika maombi ya kitaifa ya mvua katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi. Mwezi huohuo wataalamu wa ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, walionya kwamba uwezekano mkubwa ulikuwa wa msimu wa sita wenye mvua haba. Machi mvua ikanyesha, na baadhi ya sehemu za kaskazini mwa Kenya zikapata mafuriko. Aliyekuwa akitafuta hoja ya kuwacheka wapima hewa aliipata. Lakini mwishoni mwa mwaka mambo yaligeuka: wataalamu walisema mvua ya Oktoba hadi Desemba ingezidi wastani, nayo ikazidi kwa kiasi cha kuua watu zaidi ya 100 nchini na kukata barabara za kaskazini, Isiolo ikiwamo.

Kuwa upande mmoja "ulishinda" Machi na mwingine Novemba ni hesabu ya mchezo wa mpira. Asilimia haikanushwi na msimu mmoja. Na dua nayo haikuwekwa kuwa kipimo cha majaribio. Swala ya kuomba mvua, yenye rakaa mbili, huswaliwa uwanjani, na imamu huligeuza joho lake nje ndani kuashiria ombi la kugeuzwa kwa hali. Mapokeo yaleyale yanasimulia pia dua iliyoombwa mvua ilipozidi, kwamba iwanyeshee walio pembezoni. Anayeswali hivyo hakatazwi kuhamisha mbuzi wake kutoka kingo za mto Ewaso Nyiro.

Msamiati mbadala

Neno 'makadirio' lafaa kuzingatiwa. Linatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliozaa 'kadari', yaani majaaliwa ya Mungu. Mungu hukadiria kwa kuamua, mja hukadiria kwa kupima. Ubaya wake ni kwamba limezoeleka mno katika bajeti za serikali, na msikilizaji anaweza kudhani mvua nayo imetengewa fedha. 'Dalili' ni bora zaidi. Methali ya wahenga ilikwisha kuihusisha na mvua na mawingu, na katika elimu ya dini ndilo neno la hoja na uthibitisho. 'Inatarajiwa', lililo na asili ya kutumaini, limekwisha kuingia katika taarifa za habari bila kumuudhi yeyote.

Tangazo la redio lingeweza basi kusomeka hivi: "Dalili za bahari na pepo zaonyesha kwamba, katika misimu kumi inayofanana na huu, mitano ilikuwa na mvua chini ya wastani." Hilo linatoa hesabu bila kumtawaza mtabiri.

Bado pana kazi ya mfasiri. Tangu miaka ya 2010 mikutano ya kupanga msimu imewakutanisha maafisa wa hali ya hewa na wazee wa dedha, wanaosimamia malisho, pamoja na wajuzi wa jadi, wakiwamo ayyantu ambao husoma mwezi na nyota. Taarifa inayofika hapo kwa Kiswahili hutoka kwa Kiborana, lugha ambamo neno *Waaqa* ni Mungu na ni mbingu pia. Mfasiri anayetaka kusema kwamba mbingu zinaonyesha dalili za mvua haba, huku hasemi kwamba Mungu ameazimia ukame, hana budi kuchagua neno papo hapo, na wazee wamemkodolea macho.