Kuchagua Kinyonya Moshi kwa Mafundi wa Kuchomelea

Fundi aliyeshinda akichomelea mabomba yenye utando wa zinki huweza kufika zahanati usiku akiwa na homa, kutetemeka, maumivu ya misuli na ladha ya chuma mdomoni. Dalili hizo huanza baada ya muda wa saa 4 hadi 10, na aghalabu hutoweka katika siku 1 au 2. Kipimo cha malaria kikiwa hasi, aulizwe: leo umechomelea nini, na mahali gani?

Homa hiyo hupita. Madhara mengine hukaa. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea miongoni mwa visababishi vilivyothibitika vya saratani kwa binadamu. Manganizi iliyomo nayo huweza kudhuru ubongo.

Kinyonya moshi kinachofaa ni kile kinachounasa moshi kabla haujapita puani mwa fundi. Feni ya darini haifanyi hivyo. Huusambaza kwa wenzake. Penye kazi ndogo za mezani, meza yenye kinyonyeo upande wa nyuma hutosha. Karakana ya mageti huhitaji bomba lenye mkono unaokunjika, linalosogezwa kila mshono unaposogea. Hapa ndipo wengi hukosea: mvuto wa hewa hupungua upesi mno. Kwa bomba lenye mdomo wa sentimita 15, umbali wa sentimita 15 tu hubakiza takriban sehemu moja ya kumi ya mvuto. Mashine ya bei kubwa iliyoachwa mbali ni pambo.

Anayehamahama huchagua mashine ya magurudumu yenye chujio, akikumbuka kwamba chujio la chembechembe halizuii gesi, na kwamba likiziba halivuti.

Ndani ya tangi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa gesi ya kukingia mshono huweza kuifukuza hewa. Hapo hewa safi ipulizwe ndani (kamwe si oksijeni, kwani huchochea moto) na mtu abaki nje akimwangalia fundi.

Kwa fundi wa kando ya barabara asiye na mashine, upepo umpitie ubavuni. Ukitoka mgongoni huuzungusha moshi mbele ya uso wake. Avae barakoa ya kuchuja chembechembe inayobana uso vizuri. Leso, hata ikiloweshwa, haizuii moshi huo.