SOMO: TUPIME SINEMA TUNAZOZIONA

Kusoma mbele ya somo: 1 Watesalonika 5:21, Wafilipi 4:8, 2 Samweli 12:1-7.



Juu ya sinema tuko na makundi mawili katika masomo yetu. Kundi la kwanza linasema: sinema yote ni mambo ya Shetani, basi. Kundi la pili linasema: ni muchezo tu, haigusi roho. Sisi wa mwaka wa sita tunaona kwamba makundi haya yanafanana kwa neno moja: yote mawili yanakataa kufikiri. Paulo aliwaomba Watesalonika wapime mambo yote na kushika yale mazuri. Kupima si kukimbia, wala si kumeza kila kitu. Na siku hizi filme inatufuata mpaka kitandani ndani ya telefone, hata hakuna tena lazima ya kulipa mulangoni.

Kwa hiyo tunaweka hapa maswali matatu, pamoja na filme mbili za kuyajaribu.

1. FILME INASEMA KWELI?

Wengi wanafikiri kama jina la «filme ya Kikristo» linatosha. Tuchukue Chariots of Fire, filme ya Uingereza ya mwaka 1981, iliyopata Oscar ya filme bora katika 1982. Ndani yake tunamwona Eric Liddell, mutoto wa wamisionere. Katika michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 1924, alikataa kukimbia metre 100 kwa sababu mbio za kwanza ziliwekwa siku ya Mungu. Kiisha akashinda metre 400 kwa sekunde 47,6. Mambo hayo ni kweli kabisa.

Lakini filme inaonyesha kwamba alipata habari ya siku ya Mungu wakati wa kupanda meli. Si vile. Alijua miezi mingi mbele, akajitayarisha kwa metre 400. Tena ndani ya filme mwenzake tajiri anamwachia nafasi yake ya kukimbia. Jambo hilo halikufanyika.

Mutu atasema: hayo ni madogo. Sisi tunaona si madogo. Filme ilitaka tushituke, lakini historia ya kweli inafundisha zaidi. Imani ya Liddell haikuwa moto wa saa moja. Aliamua mapema, akashika neno lake miezi mingi, na kila siku akafanya mazoezi. Katika 1925 akaenda China kuwa mumisionere, akafa kule mwaka 1945 ndani ya kambi Wajapani walimofungia wageni. Mambo ya miaka hiyo 20 filme inayamaliza kwa maneno machache mwishoni, lakini sekunde 47 inazipigia ngoma. Mukristo apime pahali ngoma inapigwa, na pahali haipigwi.

2. TUNACHEKA NANI, NA NANI ANALIPA?

Filme ya pili ni ya kwetu: La vie est belle, iliyotoka mwaka 1987. Ngangura Mweze na Benoît Lamy waliitengeneza Kinshasa, na Papa Wemba (aliyefariki 2016) anacheza Kuru, kijana wa kijiji anayetafuta kuwa muimbaji mujini. Hakuna anayeiita filme ya Kikristo.

Bwana wa kazi wa Kuru ni Nvouandou, tajiri mwenye muke tayari, lakini nguvu zake za kiume zimepotea. Anaenda kwa muganga. Anaambiwa aoe musichana bikira, na akae siku 30 bila kumugusa. Anamuoa Kabibi, yule Kuru anayemupenda. Hapo chumba chote kinacheka, na sisi pia tunacheka, maana filme inamuvua tajiri kiburi chake.

Lakini tukumbuke nabii Natana. Alimupa Daudi hadisi ya tajiri na mwana-kondoo wa maskini. Daudi akamukasirikia sana yule tajiri, mpaka aliposikia kwamba mutu yule ni yeye mwenyewe. Filme nzuri inaweza kufanya kazi ya Natana, kama tunakubali.

Basi tuulize: nani analipa? Ni Kabibi, anayefanywa kuwa dawa ya mutu mwingine. Ni muke wa kwanza vilevile. Wasichana wangapi wanaacha masomo kwa sababu bwana mwenye franka alifika kwa baba? Na sisi tunaomucheka Nvouandou, wakati mutihani wa Serikali unakaribia, hakuna kati yetu anayetafuta kamba ya muganga ya kufunga kiunoni? Ikiwa yupo, basi siku ile alijicheka mwenyewe.

3. NIKITOKA, NIKO NA NJAA YA NINI?

Filme moja inaweza kuleta njaa mbili. Kwa La vie est belle, mumoja anatoka na hamu ya kujifunza muziki kwa bidii. Mwingine anataka nguo tu na jina kubwa. Wafilipi 4:8 inatuomba tufikiri mambo ya kweli, ya haki, yaliyo safi. Filme inayouza mwili wa mutu haina lazima ya kuonwa ndiyo ipimwe. Anayejua uyoga wa sumu hauonji.

Kwa mwisho tunaomba neno moja: filme ikiisha, tusitawanyike mara moja. Tukae dakika 15, tuzungumze, mudogo na mukubwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

a) Taja filme uliyoiona. Neno gani ndani yake si kweli?
b) Katika filme ile, ulimucheka nani? Anafanana na nani katika masomo yetu?
c) Sababu gani Natana alitumia hadisi, asimwambie Daudi wazi tangu mwanzo?

Bwana atupe macho yenye kupima.

Wasimamizi, mwaka wa sita