Rafiki wa Zamani, Bandari kwa Bandari

Anayesafiri kwa mashua kutoka Tanga mpaka Kilwa hupita milangoni mwa watu wengi aliowahi kuishi nao. Yupo mliyelala naye bweni moja, sasa ni mwalimu mkuu Pangani. Yupo mliyekimbia naye mchakamchaka JKT, Ruvu au Mgambo, kabla mafunzo ya mujibu wa sheria hayajasimamishwa mwaka 1994. Huyo alioa Mkokotoni na hakurudi tena bara. Yupo wa Kilindoni, Mafia, na yupo wa Kilwa Kivinje. Ukiwafuata kwa basi na boti utawaona mmoja mmoja kwa miaka. Kwa mashua unaweza kuwaona wote msimu mmoja, ila safari ya tanga ina masharti yake, na anayeyapuuza huwasumbua watu anaowapenda.

Sharti la kwanza ni hili: mwahidi rafiki mahali, usimwahidi siku. Mwenye mashua hana mamlaka juu ya Ijumaa. Upepo ukifa katikati ya njia mtaelea, na ukizidi mtajificha nyuma ya kisiwa mpaka utulie. Rafiki aliyeomba ruhusa kazini, akachinja kuku na kuwaita ndugu, atakaa anatazama bahari tupu, na simu yako haipatikani kwa sababu mko mbali na minara. Mpelekee ujumbe wa namna hii: “Tunatoka Pangani Jumatano usiku, Mungu akipenda. Tutaingia Mkokotoni wakati wowote kati ya Alhamisi na Jumamosi. Usinisubiri dikoni wala usiandae chochote. Tukishatia nanga nitakupigia, nawe endelea na shughuli zako.” Mwenyeji wa pwani hatakubali kutoandaa, hilo lijue. Lakini ukishamwambia mapema, angalau atangoja simu ndipo awashe jiko.

Ratiba ya majina huja baada ya ratiba ya pepo. Kuteremka kusini kunataka kaskazi, nayo hutulia vizuri kati ya Desemba na Februari. Kurudi kunataka kusi, inayoanza Aprili hivi na kuendelea mpaka Septemba, ikisaidiwa na mkondo wa pwani yetu unaoelekea kaskazini mwaka mzima. Juni na Julai kusi huwa na nguvu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Tahadhari ikitoka, kaeni. Nahodha asibanwe kuondoka eti kwa sababu pilau imeshapikwa ng'ambo. Tazama na kalenda ya Ramadhani, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11. Kufika mchana wa mfungo na mabaharia wenye njaa ni kumpa mwenyeji kazi ngumu, lakini kufika kabla ya magharibi na kufuturu naye ni heri kubwa.

Kumtafuta mtu ambaye namba yake imekufa si kazi ngumu kama watu wanavyodhani, ila jina unalolijua wewe huenda halijulikani mtaani kwake. Yule mliyemwita kwa jina la utani kambini sasa ni Baba Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, au ni Ustadhi, au ni Mzee wa mashine ya kusaga. Uliza kwa mambo yasiyobadilika: alikotoka, kabila au ukoo wake, kazi aliyosomea, mwaka aliohamia. Dikoni waulize wazee wanaoshona nyavu kabla ya vijana wapakiaji. Msikitini uliza baada ya swala. Shuleni walimu huwajua wazazi wote. Na ukishaelekezwa, tuma salamu kwanza kwa mtoto au jirani, umwache mtu ajue unakuja. Kumtokea ghafla mlangoni mtu mliyeachana miaka ishirini iliyopita kunamnyima nafasi ya kujiweka sawa, na huenda nyumba ina mgonjwa.

Sasa maji, maana hapa ndipo safari ya mashua inapotoa kitu ambacho safari nyingine haziwezi. Pwani yetu maji hupanda na kushuka sana. Siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Bamvua huja na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri, yakapwa karibu na saa nne. Panga kumfikia rafiki yule unayetaka kukaa naye zaidi katika siku hizo. Ingieni alasiri maji yakiwa yanajaa na mwanga ungalipo wa kuona miamba. Chagueni mchanga msafi usio na mawe, mashua ikae hapo maji yanapoanza kutoka, kama saa kumi na moja. Baada ya muda mfupi chombo kimelala ubavu, egemeo limewekwa, na hakuna atakayewahimiza kurudi. Usiku wote ni wenu. Maji yatakapoiinua mashua kabla ya alfajiri, umande utakuwa unavuma kutoka bara na utawasukuma nje bila shida.

Msiipandishe mashua mpaka kwenye mstari wa juu kabisa ulioachwa na mwani. Bamvua ikishapita kilele, kila siku maji yanayofuata hujaa pungufu, na chombo kilichokalishwa juu mno kinaweza kusubiri bamvua nyingine, yaani wiki mbili. Kaeni chini ya mstari huo kwa hatua kadhaa, na ikiwezekana iwe siku moja au mbili kabla ya kilele. Baharia mmoja abaki na chombo, na chakula chake kitoke nyumbani kwa mwenyeji kikiwa cha moto. Katika siku za maji mafu mambo hugeuka: kujaa huangukia karibu na saa nne, maji hayafiki mbali, na mtatia nanga nje. Hapo mwende nchi kavu kwa mtumbwi. Rafiki mwenye magoti mabovu asitembezwe majini kwa mwendo wa nusu saa ati aje aione mashua.

Zawadi nunua bandari iliyotangulia, kwa kuwa kitu cha kwao anacho. Halua ya Unguja hupokelewa vizuri Mafia, na korosho za kusini hupokelewa vizuri Pangani ukiwa unarudi. Oga kabla ya kwenda, vaa nguo kavu. Nyumbani anza na wakubwa. Mama yake akiwa hai, mpe shikamoo yake hata kama wewe mwenyewe una mvi, na umwambie wewe ni nani kwa jina la baba yako.

Kisha misiba. Kabla hujafika, muulize mtu mwingine ni nani ametangulia mbele ya haki katika nyumba ile. Ukiingia ukiuliza kwa furaha, “Shemeji yuko wapi?” na shemeji ana mwaka tangu azikwe, utakuwa umeufungua msiba upya mbele ya watoto. Ukijua, kuhani iwe ndiyo salamu yako ya pili, hata kama muda umepita. Kaa chini, toa pole, mwache aeleze jinsi ilivyokuwa, mpaka mwisho. Nimeona watu wazima wakiyasimulia haya wakiwa wameshika kikombe cha kahawa kilichokwisha zamani, wala hakuna aliyewaharakisha. Hadithi za kambini zije baadaye, barazani, watoto wakishalala. Na zile anazoweza kuzionea haya mbele ya mkewe, yeye ndiye azianze kama anataka. Deni la zamani lisitajwe na anayedai.

Mara nyingi rafiki atasema, “Nipelekeni mpaka bandari inayofuata.” Mkubalie kwa masharti. Kipande hicho kiishie mahali penye usafiri wa kumrudisha: Kilwa Masoko kuna basi la Dar es Salaam, na Kilindoni kuna vyombo vya kwenda Nyamisati. Avae jaketi la kujiokolea tangu mnapong'oa nanga, na neno la nahodha liwe la mwisho kwake kama lilivyo kwenu. Asiyezoea bahari akae katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mdogo, atazame mbali kwenye upeo, na asishinde na njaa. Huko katikati, kazi ya kufua maji ikiwa imekwisha na tanga limeshika upepo, mtu husema mambo ambayo barazani hakuyasema.

Saa ya kuondoka itaje mara tu unapofika: “Maji yatatuinua saa tisa na nusu usiku, kwa hiyo saa nane nitaamka.” Mwenyeji akijua hivyo atapanga chakula, mazungumzo na dua kwa kiasi cha muda uliopo. Ukinyamaza mpaka dakika ya mwisho, ataona unakimbia.

Wapo pia ambao hamtaonana. Amesafiri kwenye mazishi, au upepo umewapitisha mbali na bandari yake. Usimlaumu, na usiache zawadi dikoni kwa mtu usiyemjua. Ipeleke kwa jirani au kwa mwalimu wa madrasa pamoja na namba yako ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi. Ukifika bandari ya mbele mpigie umwambie ulikuwa njiani kwake. Mashua itarudi na kusi na itapita pale pale, basi mtajie mwezi, na safari hii yeye aseme mkutane wapi.